Meza ya upepo ya kuinulia pikipiki: mambo ya kuzingatia kabla hujachomelea

Fundi wa bodaboda aliyechoka kuchuchumaa kutwa nzima, akishaona meza inayopanda kwa rimoti, kitu cha kwanza anachokimbilia dukani ni silinda, yaani bomba lenye pistoni inayosukumwa na upepo wa kompresa. Silinda isubiri. Anza na uzito, kisha pembe.

Tuseme pikipiki na vikorokoro vyake ni kilo 150, na sehemu ya juu ya meza ni kilo 50. Jumla 200. Silinda ya kipenyo cha milimita 100, ikipewa presha ya bar 6, inasukuma kwa nguvu ya kilo 480 hivi, na wengi wakifika hapo hufunga daftari. Ngoja kwanza. Kwenye meza ya mikono inayokatizana kama mkasi, silinda ikiwa imelala chini inasukuma miguu, nguvu inayotakiwa si 200. Ni 200 ugawe kwa tanjenti ya pembe ya mikono. Mikono ikilala kwenye nyuzi 10, zinatakiwa zaidi ya kilo 1,100 na meza haitatikisika. Kwenye nyuzi 30 zinatosha karibu 350. Kwa hiyo chomelea vizuizi mikono isilale chini ya nyuzi 30, uvumilie meza kubaki juu kidogo hata ikishushwa, na utengeneze ubao wa kupandishia pikipiki.

La pili ni kwamba upepo unabonyea. Ukishusha injini wakati meza iko juu, meza yenyewe inaruka juu kidogo, na aliyeinama anaweza kupigwa. Upepo peke yake usiuamini kushikilia mzigo: weka pini nene inayopita kwenye matundu ya fremu, na asiingie mtu chini kabla pini haijakaa.

Paipu nayo ikipasuka? Valvu ya kuzuia upepo usirudi ifungwe kwenye mdomo wa silinda penyewe, maana ikiwa mbali, paipu iliyo katikati ndiyo itakayokuangusha. Ukitumia ile inayofunguliwa kwa presha, valvu kuu ya umeme iwe ya aina inayotoa upepo nje ikiwa katikati, yaani haipandishi wala haishushi. Ile inayofunga kila kitu hubakiza presha kwenye njia ya kufungulia, na valvu yako ya kuzuia upepo inabaki wazi bila wewe kujua. Ongeza kipunguza mwendo upande wa kutolea upepo, ili meza ishuke taratibu. Mapaipu ya plastiki ya maji usiyaguse kabisa. Yakipasuka na upepo hurusha vipande.

Rimoti ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kipokezi cha volti 12 chenye rilei mbili kinatosha, ila kiweke kwenye hali ya kubonyeza na kushikilia: ukiachia kidole, meza isimame. Rimoti nyingi za bei nafuu hutumia megahezi 433, sawa na za mageti, hivyo chagua yenye msimbo wa kujifunza, yaani kipokezi unakifundisha kutambua rimoti yako. Kitufe chekundu cha kusimamisha kiwe cha waya, kwenye fremu.

Magurudumu ya meza yahesabu kwa matatu, si manne, kwa sababu sakafu za gereji zetu haziko sawa na moja huning'inia. Fremu na kompresa vikiongezwa kwenye zile 200 na jumla ikafika kilo 300, kila gurudumu libebe kilo 100 au zaidi. Breki ifunge tairi pamoja na shingo inayozunguka. Na meza isisukumwe ikiwa juu.

Kwa mafundi wa Tanga, Dar au Mombasa, unyevu ndio adui wa valvu: toa maji kwenye tangi la kompresa kila jioni na uweke chujio kabla ya valvu.

Siku ya majaribio, pandisha mifuko minne ya saruji ya kilo 50, ukae mbali, rimoti ikiwa mkononi. Funga kompresa, pima kimo kwa futi, ulale. Asubuhi kimo kikiwa kimepungua, paka maji ya sabuni kwenye kila kiungio hadi uone mapovu yanakotoka.