Mbwa wa kuokolewa akikikataa kizimba ghafla: pa kuanzia

Jioni moja Jivu alifika kwenye kizimba chake, akaingiza miguu ya mbele, akasimama. Ya nyuma ikabaki nje. Akanitazama, akalamba midomo, akarudi kinyumenyume. Kwa miezi saba alikuwa akiingia mwenyewe kila usiku, hata taa sijazima, anajizungusha mara mbili kisha anajibwaga. Nikadhani ni ukaidi. Nikamsukuma kiunoni kwa kiganja, akaguna. Mguno ule mdogo haujanitoka masikioni, kwa sababu nilikuwa nimemsukuma pale pale palipokuwa panamuuma.

Jivu ni mbwa wa tatu niliyemchukua kutoka makao ya mbwa waliotelekezwa. Wote watatu walishazoea kizimba, na wote walifika siku wakabadilika, kila mmoja kwa sababu yake. Walichonifundisha ni kwamba swali la kwanza si "nitamrudishaje ndani?" Jiulize: ni nini kimebadilika tangu usiku wa mwisho alipolala vizuri?

Usiku wa leo, usimfungie

Acha mlango wazi, na uufunge kwa kamba kwenye ubavu wa kizimba usije ukajipiga na kumshtua. Mwache alale anapopataka, ilimradi ni mahali salama. Usiku mmoja au miwili nje ya kizimba haifuti mafunzo. Usiku mmoja wa kulazimishwa unaweza kuyafuta kabisa.

Halafu tafuta daftari. Kwa siku tatu au nne andika saa aliyokataa, mwili wake ulivyokuwa (masikio, mkia, midomo), alichokula, choo na mkojo, matembezi, wageni, kelele, na kitu chochote kilichohamishwa ndani ya nyumba. Andika pia ulichokuwa ukifanya dakika kumi kabla, maana mara nyingi jibu liko hapo. Daftari langu lilinionyesha jambo ambalo macho yalikuwa yamelipita: mchana Jivu aliingia bila shida. Alikataa jioni tu, na si kila jioni, bali zile za siku tulizotembea mwendo mrefu au kupanda ngazi. Mbwa mkaidi hana ratiba kama hiyo. Kiungo kinachouma ndicho chenye ratiba hiyo.

Daktari wa mifugo kabla ya mafunzo

Mbwa mzima aliyekuwa akiingia vizuri akabadilika ghafla, mpeleke kwa daktari kwanza. Nasisitiza hili kwa sababu mimi sikulifanya mapema. Nilipoteza siku sita nikimbembeleza kwa nyama mbwa aliyekuwa na maumivu ya nyonga. Kizingiti cha kizimba chetu kiliinuka kama upana wa vidole vinne, na kukivuka kulimlazimu akunje mguu wa nyuma.

Maumivu yana sura nyingi. Mwenye baridi yabisi husita mlangoni na hulala kwa tahadhari, sehemu moja ya mwili baada ya nyingine. Mwenye maambukizi ya kibofu hukojoa kidogo kidogo, na akishajilowesha mle ndani mara moja huanza kupachukia. Sikio, jino, ngozi inayowasha, tumbo linalosokota, vyote vinaweza kumfanya asitulie mahali finyu. Mbwa mzee anayeanza kupoteza uoni au kumbukumbu huzurura usiku na husimama kwenye kona kama aliyesahau njia. Kwa mbwa mdogo, angalia kama amekua tu, kizimba kikawa kidogo. Anatakiwa asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke, na alale akiwa amenyoosha miguu.

Mrekodi nyumbani kwa simu, umpelekee daktari video. Mbwa wengi wakifika kliniki hofu huwakausha, hata kuchechemea huacha. Hesabu pia pumzi zake akiwa usingizini kwa dakika moja. Kwa kawaida hazifiki 30, na zikizidi kila unapohesabu, mwambie daktari. Usimpe dawa zako za maumivu. Ibuprofeni na paracetamol zinaweza kumuua.

Hali nyingine hazingoji daftari. Tumbo lililovimba huku akijaribu kutapika na hakitoki kitu, au kujikamua bila kupata mkojo, ni za kukimbizwa kwa daktari saa hiyo hiyo. Na mbwa aliyebadilika ghafla, anatokwa na povu, taya limelegea, anayumba au anauma hewa, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Mtenge bila kumgusa na umwite daktari wa mifugo. Aliyeng'atwa au kuingiwa na mate kwenye kidonda aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja akapate chanjo. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Daktari akisema mwili ni mzima

Hesabu amekaa nawe muda gani. Watu wa makao hupenda kusema mbwa huzoea nyumba mpya kwa hatua: siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu. Si sheria, lakini inasaidia kukumbuka kwamba mbwa hafiki siku anapofika. "Wiki ya kwanza alikuwa mtulivu kabisa, sasa ameharibika," watu huniambia. Hajaharibika. Wiki ya kwanza alikuwa ameganda kwa hofu: hali chakula ukimtazama, habweki, analala kupita kiasi, anaingia kizimbani kwa sababu hajui kama anaruhusiwa kukataa. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Anapoanza kulia au kugoma katika wiki ya tano au ya sita, huenda ndiyo mara ya kwanza ameamini kuwa akisema atasikilizwa.

Ilikuwa hivyo kwa Bahati, mbwa wangu wa pili. Alianza kubweka kizimbani nikitoka nyumbani, na mtu niliyemwamini kwa uzoefu wake akaniambia, "Mwache alie, atazoea." Nikamsikiliza. Siku ya pili nilirudi nikakuta waya umepinda, sakafu ya kizimba imelowa udenda, na chonge lake moja limevunjika. Sijawahi kumpa mtu ushauri ule, na nakuomba usiufuate. Mbwa aliyenyamaza baada ya kulia saa nzima si lazima awe ametulia. Huenda amechoka, au amekata tamaa.

Badala yake fanya majaribio mawili, yote ukirekodi. La kwanza, mfungie kizimbani ukiwa umekaa chumba hicho hicho. La pili, toka nje ya nyumba kwa dakika chache, yeye akiwa huru katika chumba salama. Simama karibu na urudi mara tu anapoanza kuhangaika. Mwenye kuhangaika katika jaribio la kwanza anaogopa kufungiwa. Mwenye kuhangaika katika la pili anaogopa kuachwa, na kizimba hakimtibu, kinamwongezea balaa. Wengine wana yote mawili.

Tazama hasa dakika 30 za kwanza, kwa sababu hofu ya kuachwa kwa kawaida hujitokeza mapema. Kwa Bahati ilianza dakika ya nne: akatweta ingawa hakukuwa na joto, akapiga miayo mfululizo, kisha akaanza kukwangua mlango wa chumba. Lakini mbwa anayelala kwa muda wa saa tatu kisha akaamka akibweka, huyo pengine amebanwa na mkojo, au kuna sauti nje. Mpunguzie saa za kuachwa uone.

Mwenye hofu ya kuachwa anahitaji asiachwe zaidi ya anavyoweza kuvumilia wakati anajifunza. Ni kazi, na utahitaji ndugu, jirani au rafiki wa kukaa naye. Zungumza na daktari kuhusu dawa pia. Fluoksetini na klomipramini hutumika kwa mbwa kwa shida hii hii, pamoja na mazoezi, na huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo. Kumpa si kushindwa.

Kuna sababu ndogo ambazo utazitambua kwa daftari tu: mashine ya kufulia iliyosogezwa karibu, jua la mchana linalopiga upande mmoja, trei ya chini inayogonga akikanyaga, sabuni mpya kwenye blanketi, mtoto aliyezoea kugonga waya. Au kizimba kinafungwa pale tu unapochukua funguo, kwa hiyo yeye ameshajua maana yake.

Akinguruma ukikikaribia, ondoka. Usimgombeze. Anakuomba nafasi, na ukimfundisha kutonguruma, siku nyingine atauma bila kuonya. Usiingize mkono kumtoa wala kuchukua bakuli. Mwite nje, mpe kitu kitamu mbali kidogo, ndipo utoe ulichotaka kutoa.

Kukijenga upya

Nyonga ya Jivu ilipotibiwa nilitafuta kizimba chenye mlango usio na kizingiti, nikaweka godoro nene. Bado alikataa. Maumivu yalikuwa yamepungua, lakini mahali palikuwa pamebaki na sifa mbaya, kwa hiyo tukaanza kama mbwa mgeni.

Mvue mkanda wa shingoni kwanza, kwa sababu ukinasa kwenye waya unaweza kumnyonga. Kisha tupa kipande kidogo cha nyama iliyochemshwa, si ndani, bali hatua moja kabla ya mlango. Akikila, tupa kingine kiende nyuma yake, aondoke. Huku kuondoka ndiko wengi hukusahau: anajifunza kwamba kukikaribia kizimba hakumfungi. Siku zinazofuata tupa mlangoni, halafu ndani kidogo, halafu mwisho kabisa. Dakika tano, mara mbili kwa siku, na uache yeye akiwa bado anataka. Usiguse mlango mpaka awe anaingia na kugeuka ndani mwenyewe. Ukianza kuufunga, hesabu moja, mbili, tatu, fungua. Akilamba midomo, akigeuza uso au akiacha kula, umekwenda mbele mno. Rudi hatua mbili.

Jivu alichukua siku 19 kufika kulala ndani mlango ukiwa umeegeshwa. Siku ya 11 alirudi nyuma kabisa, baada ya ngurumo za radi, nikaanzia tena mlangoni. Mlango wake siufungi tena usiku. Hana haja.

Baadhi ya mbwa hawatakipenda kamwe, na chumba kidogo au kizuizi cha mlangoni kinawatosha. Hata hivyo endelea kumfanyisha zoezi la dakika mbili mara moja kwa wiki, mlango ukiwa wazi kama hataki ufungwe. Akilazwa kwa matibabu au akisafirishwa, huenda atawekwa kizimbani, na ni heri siku hiyo isiwe ngeni kwake.