Kukarabati bunka la gofu: tengeneza njia ya maji kabla ya kuagiza mchanga

Masika yakikaribia, klabu nyingi hukimbilia kuagiza lori la mchanga. Subirini kwanza. Bunka, yaani shimo la mchanga la kumtega mchezaji wa gofu, linalogeuka dimbwi kila mvua inaponyesha tatizo lake liko chini: mfereji umeziba, au haukuwahi kuwepo. Ukimwaga mchanga mpya juu ya hali hiyo, msimu mmoja tu utachanganyika na tope na pesa za wanachama zitakuwa zimepotea. Nawafikiria zaidi walio kwenye udongo mwekundu wa Nairobi na Kiambu, maana huko tope halina huruma.

Hatua ya 1. Vaa gambuti, ukaliangalie bunka mvua ikinyesha. Mara nyingi maji huteremka kutoka kwenye nyasi za juu, yakavuka ukingo na kuchana ukuta. Yageuze kabla hayajafika: inua ukingo kwa udongo na nyasi, au chimba mtaro mpana wa kina kifupi upande wa mlimani. Kazi hii ni ya jembe na koleo tu, na ndiyo inayookoa bunka kuliko nyingine yoyote.

Hatua ya 2. Toa mchanga wote hadi udongo mgumu. Rudisha umbo la ukingo, kisha shindilia sakafu.

Hatua ya 3. Chimba mtaro mkuu upitie sehemu ya chini kabisa, na matawi pande zote mbili kama mifupa ya samaki. Laza bomba la inchi 4 lenye matundu juu ya kokoto ndogo zilizooshwa, kisha lifunike kwa kokoto hizohizo. Mteremko usipungue sentimita 1 kwa kila mita. Pima, usikadirie kwa macho. Upande wa juu acha bomba la wima lenye kifuniko, la kusafishia. Kabla ya kuendelea, mimina maji na uone yanatokea upande wa pili. Yasipotoka, fukua.

Hatua ya 4. Sasa mchanga. Chembe nyingi ziwe kati ya milimita 0.25 na 1, zenye pembe. Za mviringo huteleza na mpira huzama. Tia kidogo kwenye chupa ya maji, tikisa, uache utulie. Ukiona tabaka nene la tope juu, rudisha lori. Sakafuni weka sentimita 10 hadi 15, ukutani 5 hadi 8. Mwagilia na kushindilia, kisha upe muda utulie kabla ya kufungua.

Baada ya hapo ni matunzo. Pima kina kwa kijiti chenye alama. Mvua ikishusha mchanga wa ukutani, upandishe siku hiyohiyo kabla udongo haujaanza kumomonyoka. Ukutani tumia reki ya mkono. Mashine huparua udongo wa chini na kuuchanganya na mchanga.

Maswali ya wanachama

*Mombasa:* Shikamoo mwalimu. Huku kwetu mchanga umejaa ufukweni. Tuchukue huohuo?

Marahaba. Msichukue. Mchanga mweupe wa pwani yetu mwingi ni matumbawe na makombe, husagika ukawa unga na kuziba. Chumvi yake huunguza nyasi za ukingoni, na ufuo ukichimbwa bahari hula nchi kavu. Mkiletewa mchanga msiojua ulikotoka, utieni siki: ukitoa mapovu, una chokaa.

*Kiambu:* Fundi, nilishauriwa nizungushie bomba kitambaa ili mchanga usiingie.

Hapana, ndugu yangu. Chembe laini za tope hunata kwenye kitambaa, na bomba zima hufa. Kokoto zinatosha kulichujia.

*Thika:* Mimi ni kedi, mbeba fimbo za wachezaji. Reki iachwe ndani au nje?

Uamuzi ni wa kamati ya klabu, ila ushauri wa kawaida ni nje, mahali ambapo si rahisi mpira kuigonga.

*Arusha:* Tuna mashindano na bunka moja liko wazi, bomba zinaonekana. Tufanyeje?

Kamati itangaze bunka zima kuwa eneo la matengenezo. Likitangazwa hivyo, halihesabiwi tena kuwa bunka, na mchezaji huutoa mpira nje bila adhabu. Lizungushieni kamba, na tangazo libandikwe kabla kundi la kwanza halijaanza.