Miaka imepita tangu operesheni ya kupunguza uzito, sasa unakula aje?

Hii naandikia wale wenzangu mliokatwa tumbo mkapita mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza uko na wenyewe, karatasi ya daktari iko kwa friji, miadi ya kliniki haikauki, kila mtu nyumbani anakuuliza umekula nini. Shida huanza mwaka wa pili wa tatu hivi, watu wamezoea huo mwili mpya, njaa imerudi kiasi, unaeza maliza nusu chapati na isikuletee noma, basi unajiona umepona na vidonge vya vitamini na madini unaanza kuviruka. Mimi niko na miaka sita na baipasi yangu, aina moja ya hii operesheni. Mwaka wa tatu nilianguka steji ya matatu pale Ngara asubuhi nikienda kazi, damu ilikuwa imeisha mwilini na nilikuwa nimeacha vidonge miezi nane, na sio ati nilikuwa mkaidi, nilikuwa tu najiskia poa. Hapo ndio ningependa mnielewe, upungufu wa vitamini na madini baada ya hii operesheni haukupigii kelele, unakula ndani kwa ndani.

Kwanza jua ulifanyiwa gani, slivu ama baipasi, juu ushauri wa mwenye slivu sio wote unakufaa ukiwa na baipasi. Slivu wanatoa kama asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, linabaki jembamba kama ndizi, lakini utumbo hauguswi. Baipasi wanakuachia kifuko kidogo sana, mililita 30 hivi, alafu wanakiunganisha na utumbo mdogo mbele, kwa hivyo chakula kinaruka ile sehemu ya kwanza ya utumbo penye madini ya chuma na kalisiamu huingilia damuni kwa wingi. Hio sehemu itaendelea kurukwa maisha yako yote, ata ukila sukuma wiki ya shamba zima. Na vitamini B12 ndio mjanja kabisa, ini huwa limeweka akiba inayoeza kaa miaka, so mwaka wa kwanza unapimwa unaambiwa uko sawa, alafu mwaka wa nne unashangaa kwa nini vidole vya miguu vimekufa ganzi. Wenye slivu pia, msikae mkijua hii haiwahusu, lile tumbo lililotolewa ndilo lilikuwa linatengeneza kitu kinachosaidia B12 kuingia mwilini.

Sasa kula. Protini kwanza, kila wakati, kabla ugali na kabla mboga. Wengi tunaambiwa tufikishe gramu 60 hadi 80 kwa siku, na kwa chakula chetu inawezekana bila kununua zile poda za bei kali. Yai moja ni kama gramu 6. Kikombe cha maziwa ama mala ni gramu 8. Kipande cha kuku kama kiganja bila vidole kinakaribia 25, ndengu nusu kikombe 7 hivi. Omena ni baraka tupu, bei rahisi, protini nyingi, na ukiila na mifupa yake unapata kalisiamu, mimi huloweka, naosha maji kadhaa, alafu napika na nyanya mpaka ilainike kabisa. Siku yangu ya kawaida ni mayai mawili asubuhi, mala saa nne, mchana kuku ama samaki na vijiko viwili vya ndengu, jioni kikombe cha maziwa, usiku omena ama maharagwe. Ugali nakula mwisho, tonge mbili tatu, zikikosa nafasi basi.

Kwa kibanda nimezoea kumwambia mama anipimie kuku ya mchuzi na mboga bila chapati, mwanzoni alidhani sina pesa akawa ananiongezea chapati ya bure, ilibidi nimweleze. Nyama choma inataka subira. Ile kavu ya mbuzi ukiimeza haraka inakwama hapa kifuani na utatamani kulia, afadhali wetfrai ama ya kuchemsha, kata vipande vidogo kama ukucha, tafuna mpaka iwe uji, weka uma chini, ongea na watu, kisha ndio uchukue kingine. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Ukiskia kwikwi, makamasi kuchuruzika ama kifua kubana, hapo umeshiba, ata kama sahani bado imejaa. Chapati, mkate laini na wali pia hukwama watu wengi kuliko wanavyotarajia.

Maji usichanganye na chakula, maliza kula ungoje dakika 30 ndio unywe. Hii ndio sheria watu huacha ya kwanza na ndio inarudisha uzito, juu maji yanasukuma chakula kishuke haraka na baada ya muda mfupi unaskia njaa tena. Na chai, najua nawagusa pabaya, lakini majani ya chai hufunga madini ya chuma na maziwa pia hayasaidii, kwa hivyo chai iwe mbali na kidonge cha chuma kwa saa mbili hivi, na isiwe na sukari vijiko vinne.

Sukari tuiongee vizuri, hasa wenye baipasi. Ukinywa soda, juisi ama uji ulioungwa sukari, chakula kinamwagika kwa utumbo kwa kasi, na ndani ya dakika 10 hadi 30 moyo unakimbia, jasho, tumbo linasokota, unaharisha. Hio ni dampingi ya mapema, lala kidogo itapita. Iko ingine ya kuchelewa, saa moja hadi tatu baada ya kula, sukari ilipanda ghafla mwili ukamwaga insulini nyingi, sasa sukari imeanguka unatetemeka na macho yanaona ukungu. Ikikupata kwa matatu Thika Road na jam imesimama utajua hujui. Chukua kitu kitamu kidogo tu kuinua sukari, alafu fuatisha protini, mimi hutembea na karanga na yai la kuchemsha kwa mkoba. Ikirudi rudi mwone daktari, na kama unatumia dawa za kisukari usingoje irudi, dozi yako yafaa iangaliwe upya.

Uzito kurudi kidogo baada ya mwaka wa pili ni kawaida na sio dhambi, msijichape. Lakini chunga kudonoadonoa. Krispi, mandazi, biskuti, smoki ya barabarani, hivi vitu vinateleza tu, havikushibishi, unaeza kula siku nzima na tumbo dogo hilo hilo. Kula kwa saa zako, kaa chini, kati ya mlo na mlo ni maji. Na tembea, inua vitu vizito, misuli ikiisha uzito hurudi kama mafuta. Msitu wa Karura ukiwa na pesa ya geti, ama ngazi za ploti yako, yote ni sawa.

Vidonge ni vya maisha. Multivitamini kila siku, na ile ya peremende ya kutafuna mara nyingi haina chuma. Mwanamke anayepata hedhi huhitaji chuma miligramu 45 hadi 60 kwa siku. Kalisiamu miligramu 1200 hadi 1500, lakini mwili haupokei zaidi ya 500 ama 600 kwa mpigo, so unagawa mara mbili tatu, na usimeze pamoja na chuma, ziachane saa mbili. Soma chupa ya kalisiamu, tafuta iliyoandikwa sitreti (citrate), juu ile ya kaboneti inataka asidi ya tumbo ambayo wewe umepunguziwa. Vitamini D yuniti 3000 hivi. B12 ni ya kumeza kila siku ama sindano ya mikrogramu 1000 kila mwezi, mimi nilichagua sindano juu najijua. Hizo ni namba za kawaida, zako ziamuliwe na vipimo vyako. Simu yangu inalia mara nne kwa siku na kwa ofisi washazoea.

Vipimo kila mwaka, ata ukijiskia simba. Usikubali hemogramu, kile kipimo cha kuhesabu damu, peke yake, damu inaeza onekana sawa na akiba ya chuma imekauka, itisha feritini inayoonyesha hio akiba, B12, foleti, vitamini D, kalisiamu na homoni yake ya PTH, figo, ini, na sukari ya miezi mitatu.

Kwa kemisti ukiumwa mgongo utapewa brufen ama diklofenaki bila kuulizwa swali. Mwenye baipasi kataa, zinachimba kidonda pale walipounganisha, na sigara hufanya vivyo hivyo. Omba panadol. Pombe nayo hupanda haraka na kukaa kichwani zaidi, na kuna watu hawakuwa walevi wakaanza kuzama mwaka wa pili na kuendelea, nimeona na inauma, kama kwenu kuna historia hio iache kabisa. Wanaotaka mtoto wangoje mwaka hadi mwaka na nusu, na tembe za kupanga uzazi haziaminiki sana baada ya baipasi, uliza njia ingine. Ukiwa mjamzito na kliniki wakutake unywe ile glukosi ya kupima kisukari, waambie kwanza ulifanyiwa hii operesheni, kuna njia ingine ya kukupima.

Alafu familia. Ukienda ocha shosho atakuona umekonda aulize unaumwa nini, na wengine watanong'ona mabaya zaidi. Mimi hupokea sahani kwa mikono miwili, nakula nyama kidogo mbele yake, namwambia asante shosho, hii ingine nitabeba nikale Nairobi. Anafurahi, ananifungia na viazi vitamu.

Mambo mawili hayangoji kesho. Kutapika siku mbili tatu mfululizo, juu vitamini B1 huisha haraka na ikiisha unachanganyikiwa, macho yanacheza, unatembea ukiyumba, na wakikuwekea dripu ya glukosi bila B1 inaeza kukuharibu zaidi, so uwaambie. La pili ni maumivu makali ya tumbo kwa mwenye baipasi, ata kama ni mwaka wa kumi, ata kama yanakuja na kupotea, utumbo unaeza kuwa umejinyonga ndani, enda hospitali yenye daktari wa upasuaji na usikubali kurudishwa na dawa ya gesi. Nyuma ya kitambulisho changu nimeweka karatasi ndogo, aina ya operesheni, mwaka, nisipewe brufen wala diklofenaki, nipewe B1 kabla ya glukosi, na namba ya dada yangu.