Jinsi ya kusoma rekodi ya farasi kabla ya kuweka dau

Somo hili ni la wanaobeti mbio za Uingereza. Wengi huchagua farasi kwa kuwa kando ya jina lake pana 1 nyingi. Kosa hilo liliwahi kunimalizia hela za msimu mzima, kwa hiyo naomba twende polepole.

Hatua ya 1: Zijue alama. Tuseme rekodi ni 21/0-431. Mbio za karibuni kabisa ziko mwisho, upande wa kulia. Kila namba ni nafasi aliyomaliza; sifuri ni kumaliza wa 10 au nyuma zaidi. Kistari (-) hutenga msimu uliopita na huu. Mkwaju (/) ni pengo refu zaidi, msimu mzima bila kukimbia. Kwenye mbio za viunzi utaona pia P, yaani joki (mpanda farasi) alimsimamisha njiani, F alianguka, U alimwangusha joki. Aliyeanguka kiunzi cha mwisho akiwa anaongoza ana F ileile ya aliyeanguka cha kwanza, basi tafuta maelezo ya mbio zenyewe.

Hatua ya 2: Uliza kila namba ilipatikana wapi. Wa 4 katika daraja la 2 anaweza kuwa bora kuliko mshindi wa daraja la 6. Angalia umbali, kisha ardhi: kuna farasi wa ardhi kavu ambaye kwenye tope hafui dafu. Angalia na geti la kuanzia alilotokea. Chester ni uwanja mdogo wenye kona karibu muda wote, na katika mbio fupi za mita 1,000 mageti ya ndani yana faida kubwa. Farasi aliyemaliza wa 7 pale akitokea geti la nje, mimi namsamehe.

Hatua ya 3: Pima uzito. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Katika mbio za hendikapu, farasi bora hubebeshwa uzito zaidi ili wote wakaribiane, na anayeshinda huongezewa. Kwa mbio za mita 1,600 hesabu ratili 2 kwa kila urefu mmoja wa farasi. Kwa mita 1,000 ni kama ratili 3. Sasa fikiria A alimshinda B kwa urefu mara mbili katika mita 1,600, wote wakiwa na ratili 126. Wanakutana tena, A amepandishwa hadi 132, B yuko palepale. Ratili 6 ni urefu mara tatu. Kwa karatasi, B sasa yuko mbele kwa urefu mmoja, na mara nyingi odi zake (kiwango cha malipo ya dau) ndizo nono kwa sababu watu wameiona ile 1 ya A tu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, farasi aliyepumzika miezi sita nimwache?*
Usimwache kwa hilo peke yake. Tazama rekodi yake ya zamani: kila alipotoka mapumzikoni, mbio ya kwanza alifanyaje? Wapo wanaorudi wakiwa moto, wapo wanaohitaji mbio mbili ili wakae sawa.

*Mimi huenda Ngong, Nairobi, siku za Jumapili. Njia hii inafaa?*
Inafaa sana, ndugu yangu. Farasi wa pale si wengi, hivyo walewale hukutana mara kwa mara, na hesabu ya uzito ina cha kushika. Ila anayeshinda mita 1,200 usimbebe moja kwa moja hadi Kenya Derby ya mita 2,400.

*Kipenzi cha wabeti si ndiye salama?*
Hushinda takribani mara moja katika tatu. Odi zake zikiwa ndogo kuliko hapo, unalipia jina.

*Upande wa kona nao ni wa kuangalia?*
Ndiyo. Farasi Desert Orchid alipenda kuzunguka kwa kulia, akashinda mbio za King George VI Chase mara nne pale Kempton, uwanja wa kona za kulia. Lakini mwaka 1989, Cheltenham, kona za kushoto na tope zito, alishinda mbio za Gold Cup akimpita Yahoo, farasi aliyelipenda tope hilo. Kwa hiyo kona mimi huihesabu mwisho, baada ya daraja, ardhi na uzito.