Methanoli ya kutengenezea baiodizeli: kuipata iliyo safi na kuishika bila kuumia

Wadau, wengi wanaoanza kupika baiodizeli nyumbani (yani kugeuza mafuta ya kupikia kua dizeli kwa kutumia methanoli na kostiki, ile kemikali kali ya sodiamu au potasiamu) wanaogopa kostiki, wananunua aproni na miwani kwa ajili ya kostiki, alafu methanoli wanaibeba kwenye kidumu kisicho na kizibo kama vile wanabeba maji. Mimi naona hapo tumegeuza mambo. Kostiki ikikugusa inakuunguza, na ukianza kuisikia unakimbilia bomba mwenyewe bila kuambiwa. Methanoli haina kelele, inapita kwenye ngozi bila maumivu yoyote, mvuke wake unauvuta kichwa kinakua kizito unadhani ni uchovu wa kazi, na ikishika moto mchana kweupe moto huuoni. Ndo maana nataka tuiongelee hii kitu peke yake, mafuta na kostiki tutayagusa pale inapobidi tu.

Tuanze na kiasi sababu ndo kinaamua unanunua wapi. Hesabu ya kawaida ni lita 20 za methanoli kwa kila lita 100 za mafuta. Zinazoliwa na kemia yenyewe ni kama lita 12 na nusu tu, zinazobaki kazi yake ni kusukuma, maana huu mchakato unaenda mbele na kurudi nyuma kwa wakati mmoja, ukiweka methanoli kidogo unasimama njiani unabaki na mafuta ambayo nusu yake hayajaiva. Kuna wanaopanda mpaka 22 au 25. Kushuka chini ya 20 usijaribu kama bado unajifunza. Na wauzaji wengi wa jumla wanapiga bei kwa kilo, sio lita, kwa hiyo kabla hujalinganisha bei kumbuka lita moja ya methanoli ina uzito wa gramu 790 hivi, pipa la lita 200 likijaa ni kama kilo 158. Nimeona watu wanasema fulani ni ghali kumbe wanalinganisha kilo na lita.

Pa kuipata

Pa kwanza ni kwa wauza kemikali za viwandani, na hapo pipa ndo bei inakua na maana. Kama pipa ni kubwa kwako tafuteni watu wawili watatu mnaotengeneza mnunue pamoja, ila kila mtu achukue mgao wake kwenye chombo cha methanoli kinachofungwa barabara, sio chupa za soda. Pa pili ni kwa wanaouza mafuta ya magari na pikipiki za mashindano, huko methanoli ni kitu cha kawaida, lakini uliza kama wametia rangi au oili ya kulainisha injini, ikiwa na oili achana nayo. Sehemu nyingi muuzaji atakuuliza unaitumia kwa kazi gani, mwambie ukweli bila kuzunguka. Kabla hujaleta pipa nyumbani pia ulizia zimamoto wa eneo lako kiasi gani kinaruhusiwa kukaa kwenye makazi, na kama una bima ya nyumba isome, sababu pipa moja la hii kitu linaweza kukubadilishia mkataba mzima.

Visivyofaa: spiriti ya kuwashia jiko au ya kusafishia vidonda, hiyo kwa sehemu kubwa ni ethanoli iliyochanganywa vitu vingine, na ethanoli kwenye baiodizeli ina masharti yake magumu zaidi, usianzie huko. Maji ya kuoshea vioo vya gari hata yakiandikwa yana methanoli, sehemu kubwa ni maji. Thina ya rangi ni mchanganyiko wa vitu usivyovijua. Na anayekwambia utaikeneka mwenyewe kutoka kwenye mbao, mwache aende, utapata uchafu mwingi, methanoli kiduchu, na hatari kubwa.

Unapoagiza omba cheti cha vipimo cha ule mzigo. Methanoli ya kiwango cha biashara inatakiwa iwe na usafi wa 99.85% kwenda juu na maji yasizidi 0.1%. Kwenye pipa angalia namba UN 1230, hiyo ndo namba ya methanoli dunia nzima, na angalia sili ya kizibo kama haijaguswa.

Hapo kwenye sili naongea kwa uchungu. Kuna mara moja nilichukua lita 40 kutoka kwenye pipa lililokua tayari limefunguliwa, muuzaji akaniambia ni ya wiki ileile. Nikakausha mafuta vizuri, nikapima asidi, nikapika, na baada ya saa moja badala ya gliserini (zao la pili la kazi hii) kukaa chini na baiodizeli kukaa juu nikawa na kitu kizito rangi ya krimu, ukiinamisha chombo kinasogea kwa pamoja kama jeli. Sabuni tupu. Methanoli inavuta maji kutoka hewani, na pipa likikaa kizibo kimelegea siku nyingi linakunywa unyevu kidogo kidogo. Piga hesabu uone: ikiwa na maji 5% tu, kwenye lita 20 kuna lita nzima ya maji unayomwaga kwenye lita zako 100 za mafuta, ambayo ni 1%, wakati wewe umekesha unayachemsha hayo mafuta ili unyevu ushuke chini ya 0.1%. Yani kazi yote ya kukausha umeirudisha ndani kwa mkono wako.

Tangu siku hiyo napima kila ninayonunua kabla haijagusa mafuta. Kipimo ni hidromita (inayopima lita moja ina kilo ngapi) na themomita, zote mbili sio ghali. Jaza silinda ndefu ya kioo, subiri themomita itulie, soma. Kwenye nyuzi 20 methanoli safi inasoma kama 0.791 au 0.792, na kila nyuzi moja ya joto ikipanda namba inashuka karibu 0.001, kwa hiyo siku ya nyuzi 30 usishtuke kuona 0.782. Ukisahihisha kwa joto ukakuta inakaribia 0.80 au imepita, kuna maji. Kipimo cha pili, changanya kidogo na maji safi kwenye glasi: ibaki angavu kabisa, ikigeuka maziwa kuna oili. Cha tatu, matone machache kwenye kioo kisafi nje kivulini, yakikauka kioo kibaki kama hakijaguswa.

Chombo na mahali

Plastiki ngumu ya HDPE, ile yenye pembetatu na namba 2, inafaa. Chuma cha pua kinafaa, na pipa la chuma la kiwandani ndo kabisa. Alumini hapana, zinki hapana, kwa hiyo ndoo za mabati, mapampu yenye bodi ya alumini na koki za bei rahisi zilizopakwa zinki ziweke pembeni. Mipira na oringi nyingi za kawaida zinavimba na kulegea, kagua kila baada ya muda.

Weka kivulini, penye hewa ya kupita, nje ya nyumba watu wanapolala, mbali na jenereta, hita, jiko la gesi na friji, maana friji nayo inapiga cheche ndani. Andika METHANOLI SUMU kwa herufi kubwa kila upande wa chombo na ufunge kwa kufuli. Sumu yake sio ya kutisha watu tu: mililita 10 zikinywewa zinaweza kumpofusha mtu mzima, na 30 zinaweza kumuua. Inafanana na maji kwa macho, kwa pua inafanana na pombe. Ndo sababu nasema chupa ya kinywaji isiguse hii kazi hata kwa dakika tano, hata kama wewe unajua, mtoto hajui na mgeni hajui.

Kuhamisha kutoka kwenye pipa

Siku ya jua kali pipa linajaa presha, utaona hata kifuniko cha juu kimefura. Usilegeze kizibo kwa pupa. Zungusha kidogo, utasikia sss, simama upande upepo unakotokea, subiri sauti iishe ndo uendelee. Bora zaidi fanya asubuhi mapema.

Tumia pampu ya mkono. Kama unataka ya umeme iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya vitu vinavyolipuka, sio pampu ya maji na wala sio drili iliyofungwa pampu mbele, drili inatoa cheche ukitazama kwenye matundu yake gizani utaziona. Methanoli inatoa mvuke wa kutosha kushika moto kuanzia nyuzi 11 au 12, ambayo sehemu nyingi ni siku ya baridi, na mvuke wake unawaka ukiwa kati ya 6% na 36% ya hewa. Petroli mwisho wake ni kama 7 au 8%, zaidi ya hapo hewa haitoshi. Maana yake ndani ya pipa la petroli mara nyingi mvuke ni mzito mno kuwaka, ndani ya pipa la methanoli unaweza kua umekaa sawasawa kwa kulipuka. Kwa hiyo ili umeme tuli usipige cheche, unganisha pipa na chombo unachojaza kwa waya wenye klipu, kama vyote ni vya chuma, na pipa liwe na waya wa ethi unaoingia ardhini, mpira ufike chini ya chombo ili isimwagike kwa kurukaruka.

Glovu za mpira wa butaili ndo zenyewe. Zile nyembamba za nitraili zinakupa dakika chache, ikidondokewa vua vaa nyingine, na za latexi kwangu ni sawa na mikono mitupu. Miwani ya kuziba pembeni, shati la mikono mirefu, viatu vilivyofunika. Alafu barakoa: watu wananunua zile za katriji za mvuke wanajiona wamemaliza, lakini kaboni ya ndani inaishikilia methanoli kwa muda mfupi sana na ikishiba haikupi taarifa. Pua nayo usiitegemee, mpaka uisikie harufu vizuri umeshapita kiwango kinachoruhusiwa kazini, ambacho ni sehemu 200 kwa milioni. Kinga ya kweli ni kufanya nje upepo ukiwa mgongoni kwako, na kufanya kila kitu kwenye chombo kilichofungwa.

Kuichanganya na kostiki na kuitia kwenye mafuta

Siku zote kostiki ndo inaingia kwenye methanoli, kidogo kidogo, kwenye dumu la HDPE lenye kizibo kizuri. Joto litapanda, ukishika dumu kwa nje utalisikia, kwa hiyo tia sehemu, funga, tikisa taratibu, legeza kizibo kidogo presha itoke, acha ipoe, tia tena. Kostiki ya potasiamu inayeyuka haraka, ya sodiamu inachukua muda, usiisaidie kwa moto. Kinachotoka hapo ni kibaya kuliko vyote viwili vikiwa mbalimbali, sababu kinaunguza na kupenya kwa pamoja, na kinaweza kuua mishipa ya fahamu usisikie kama unaungua. Maji yanayotiririka yawe karibu kabla hujaanza.

Mafuta yakiwa nyuzi 55 zima hita, ndo uingize mchanganyiko kwa bomba ndani ya tanki lililofungwa, taratibu. Methanoli inachemka kwenye 64.7, ukiimwaga kwenye mafuta yenye 80 inageuka mvuke yote kwa mkupuo na kurudi usoni. Tanki liwe na mrija wa kupumulia unaopita kwenye kondensa (kifaa cha kupoza mvuke urudi kua kimiminika) na kuishia nje mbali na umeme.

Ikiwaka au ikiingia mwilini

Mwaka 1981 kwenye mbio za Indianapolis 500 Marekani, dereva Rick Mears aliungua usoni wakati gari lake linajazwa methanoli, na waliokua pale hawakuelewa haraka nini kinatokea kwa sababu moto hauonekani. Mchana utaona hewa inacheza tu juu ya sakafu, au rangi ya ukuta inafura. Mtungi wa unga mkavu au kaboni dayoksaidi uwe mlangoni, sio ndani kabisa. Maji yanasaidia yakiwa mengi sana, kidogo yanausambaza tu, kwani methanoli hata ikiwa robo na maji robo tatu bado inaweza kuwaka.

Ikidondoka kwenye ngozi au jicho, osha kwa maji dakika 15 bila kukatisha, vua nguo zilizolowa. Mtu akiinywa, hospitali saa hiyohiyo hata kama anasema yuko sawa. Ini linaigeuza kua asidi ya fomiki, na hiyo ndo inayoua macho, mara nyingi baada ya saa 12 mpaka 24, kwa hiyo kujisikia vizuri hakumaanishi kitu. Usimtapishe. Mtajie daktari neno methanoli, kiasi na saa aliyokunywa, dawa ipo ila inataka kuwahi.

Iliyobaki

Ile ziada ya lita saba na kitu haikupotea, nyingi imeingia kwenye gliserini na nyingine imebaki kwenye baiodizeli. Ukiweza irudishe kwa kupasha moto tanki lililofungwa na kupitisha mvuke kwenye kondensa, alafu pima kwa hidromita kabla ya kuitumia tena, ikiwa na unyevu kidogo ikaushe kwa zeolaiti (punje zinazofyonza maji) ya 3A (ya 4A inameza na methanoli yenyewe). Kama hurudishi, gliserini hiyo bado ni sumu na inawaka, usimpe mtu atengenezee sabuni, na baiodizeli ambayo haijaoshwa usiitunze ukidhani ni salama kama dizeli.

Pipa likiisha, halijaisha. Lijaze maji mpaka juu kabisa na uyatoe kwenye chombo, usiyamwage kwenye mtaro, yapeleke pamoja na taka zako nyingine za kemikali. Na hata baada ya hapo grainda au moto wa kuchomelea usiguse lile pipa, ukihitaji pipa la kukata tafuta lililobeba kitu kingine.