Jinsi ya kuomba vibarua, vifaa na matengenezo ya viwanja chuoni

Ombi langu la kwanza lilikuwa fupi: "Mti nyuma ya maktaba unasumbua, tunaomba msaada." Fundi akaja na panga. Tawi lenyewe lilikuwa nene kama paja, limelalia paa. Akalitazama, akaondoka, nasi tukarudi mwisho wa foleni. Tangu siku hiyo naandika maombi kwa kumfikiria yule atakayebeba vifaa.

Kabla ya kugusa fomu, jiulize kama kuna hatari. Tawi linaloning'inia juu ya njia, waya uliokatika au bomba lililopasuka havisubiri fomu. Piga simu ya dharura ya chuo, zuia watu wasipite, na usisogelee mti ulioangukia waya. Karatasi zitafuata.

Kama si dharura, ulizia kwanza nani analipa. Kufyeka nyasi, kufagia njia na kuzibua mitaro kwa kawaida kumo kwenye ratiba ya kudumu ya ofisi ya matengenezo. Kuhamisha makabati, kupanga viti vya sherehe au kuazima hema na jenereta mara nyingi hutozwa kwenye kasma, yaani fungu la bajeti, ya idara inayoomba. Basi pata namba ya kasma na saini ya mwenye mamlaka ya fedha mapema, maana fomu isiyo na saini hukaa mezani tu. Chama cha wanafunzi kipitie kwa mlezi wake.

Sasa sehemu ya maelezo, ambayo ndiyo roho ya fomu. Ombi langu lingesomeka hivi:

"Tawi moja limelalia paa la maktaba, upande wa mashariki, mita 3 kutoka mlango wa dharura. Unene wake ni kama sentimita 20 na urefu mita 4. Gari linafika hadi mita 10 kutoka kwenye mti. Hakuna nyaya karibu. Picha 2 zimeambatishwa."

Msimamizi akisoma hapo anajua apeleke ngazi, msumeno wa mnyororo, kamba na watu wa kutosha. Tawi bichi la ukubwa huo linaweza kufikia kilo 100. Hushushwa kwa kamba, haliachwi lidondoke. Eleza tatizo, dawa waachie wao. Watu hupenda kuandika "kateni kichwa cha mti", kumbe mti uliokatwa kichwa huoza pale juu na kuchipua matawi dhaifu yanayovunjika kirahisi.

Kwa hema, chora mahali litakaposimama na uombe mabomba na nyaya za ardhini ziwekewe alama kabla vigingi havijapigwa. Lori lisipite kwenye nyasi zilizolowa: udongo hushindiliwa, maji hayapenyi tena, na nyasi hufa. Jenereta ombea nafasi ya nje, mbali na madirisha, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu inayoua. Tarehe za mitihani zitaje pia, mashine zisije zikanguruma chini ya dirisha la ukumbi.

Vifaa vya kuazima vihesabu mbele ya mtunza stoo, uandike kilichopinda au kupasuka, ndipo usaini. Msumeno na mashine ya kufyekea omba pamoja na mtu aliyefunzwa kuvitumia.

Ukishatuma, utapewa namba ya ombi. Fuatilia kwa namba hiyo, ofisini. Tafadhali usimpigie kibarua unayemfahamu aje "mara moja tu". Akiacha kazi aliyopangiwa, anayekaripiwa ni yeye.

Siku ya kazi awepo mtu mwenye ufunguo, na magari yawe yameondolewa. Wakimaliza, zungukeni eneo pamoja kabla hujasaini. Kama matawi yaliyokatwa bado yamelala njiani, liandike hilo kwenye fomu ileile, chini ya namba ileile, ili warudi bila ombi jipya.