Chizi baga ya nyumbani yenye mafuta machache, kwa jiko la Mombasa

Afya ya baga huamuliwa buchani, kabla jiko halijawashwa. Wengi wanaotaka baga nyepesi huanza kwa kuiondoa chizi, wakabaki na nyama kavu isiyo na ladha, na haichukui muda wanarudi kwenye zile za kununua. Chizi imesingiziwa. Kipande cha cheda cha gramu 20 kina takribani kalori 80 na mafuta gramu 7. Gramu 150 za nyama ya kusaga iliyochanganywa na shahamu nyingi, sehemu moja katika tano, zina kalori karibu 380, na vijiko viwili vya meza vya mayonezi vinaleta nyingine 190 hivi. Hapo ndipo pa kukata. Nyama, mkate na sosi vikipangwa vizuri, chizi inakaa mahali pake bila taabu.

Vipimo vya hapa ni vya baga 4.

Nyama

Nunua gramu 400 za mnofu wa paja, usio na mafupa, na usagiwe ukiangalia. Nyama iliyokwisha kusagwa na kuwekwa kwenye sinia usiichukue: hujui ina shahamu kiasi gani, wala imekaa pale tangu saa ngapi. Mwambie muuzaji kwa upole, "Ami, nitolee mafuta ya juu kwanza, halafu unisagie mara moja tu, kwa tundu kubwa." Ukanda mweupe wa nje ukiondolewa, ile michirizi myembamba iliyomo ndani ya mnofu inatosha, unakusudia mafuta yasiyozidi sehemu moja katika kumi. Nyama ikipitishwa mashineni mara mbili inakuwa kama uji, na baga yake ikiiva hugandamana.

Jambo moja watu hawaliangalii: konzi ya kwanza inayotoka mashineni ni masalio ya nyama ya mteja aliyetangulia, na mara nyingi ni ya mafuta. Omba iwekwe kando. Bucha ikiwa na foleni na huwezi kuomba hivyo, chukua mnofu mzima ukaukate nyumbani kwa kisu kizito chenye makali, vipande vidogo kama punje za mahindi, kisha uukatekate tena kwenye ubao. Ni dakika 10 za kazi, na nyama ya kukatwa kwa kisu hupendeza zaidi mdomoni kuliko ya mashine.

Nenda asubuhi. Nyama nzima huwa na vijidudu juu tu, na moto huviua upesi. Ikishasagwa, vya juu huingia ndani. Kwa joto letu, likipita nyuzi 32 mchana, nyama ya kusaga haifai kukaa nje ya baridi zaidi ya saa moja. Kutoka soko la Kongowea hadi Mtwapa kwa matatu, foleni ikishika, saa hiyo inaisha njiani. Beba mfuko wenye barafu, au nunua nyama mwisho, baada ya mboga zote.

Biringani, ili nyama isikauke

Nyama isiyo na mafuta ina kasoro moja: hukauka. Mafuta ndiyo yaliyokuwa yakiilainisha, kwa hiyo ni lazima uweke kitu badala yake, na hakuna kinachofanya kazi hiyo vizuri kama biringani la kuchoma. Lina maji mengi, mafuta karibu hakuna, na ule moshi wake huifanya nyama ionekane nyingi kuliko ilivyo.

Chukua biringani moja la kadiri, gramu 250 hadi 300. Litoboe kwa uma mara tatu nne, lisije likapasuka, kisha ulichome juu ya mkaa au moto wa gesi ukiligeuza, dakika 15 hadi 20, mpaka ganda liungue na biringani lenyewe linywee. Menya, weka sehemu yake laini ya ndani kwenye kichujio dakika 20 maji yatoke, halafu ulikatekate kwa kisu. Usilitie kwenye blenda, litakuwa majimaji. Utapata gramu 150 hivi. Lipoe kabisa kabla ya kuchanganya: likiwa moto litaanza kuyeyusha hata yale mafuta kidogo yaliyomo kwenye nyama.

Changanya biringani na slesi moja ya boflo (mkate) ya rangi ya kahawia, iliyokauka na kusagwa chenga, ukae dakika 5 chenga zinywe maji. Ongeza kitunguu maji kimoja kidogo kilichokunwa na kukamuliwa, punje 2 za thomu (kitunguu saumu) zilizotwangwa, nusu kijiko cha chai cha pilipili manga, nusu cha bizari nyembamba, na kotmiri iliyokatwa ndogo, konzi moja. Bizari nunua nzima, pale soko la Marikiti zimejaa, uikaange kavu dakika moja na kuitwanga mwenyewe. Ukipunguza chumvi, ni viungo vinavyokubebea ladha, na bizari ya unga iliyokaa kabatini mwaka mzima haiwezi kubeba kitu.

Sasa ndipo nyama iingie. Changanya kwa ncha za vidole mpaka ishikane, basi. Usiikande kama unga wa chapati. Na chumvi usiitie hapa. Chumvi ikikaa ndani ya nyama ya kusaga huzivuta protini zake zikashikana, na baga hutoka ngumu inayodunda kama soseji. Itanyunyizwa juu, wakati wa kupika.

Gawa mafungu 4, kila moja karibu gramu 150. Lifinyange duara lenye upana wa sentimita 11 na unene wa sentimita 1.5, upana kuzidi mkate kidogo kwa sababu nyama hujikunja motoni. Katikati bonyeza kwa dole gumba upate kishimo. Bila kishimo hicho, kingo hukaza kwanza na katikati huvimba ikawa mpira, nje imeungua na ndani mbichi. Yaweke kwenye sahani, funika, na utie friji nusu saa. Usiiruke hatua hii. Mchanganyiko wenye biringani ni laini, na baridi ndiyo inayoushika.

Mkate

Mikate ya baga ya madukani mingi ni ya unga mweupe na sukari. Ukipata ya ngano nzima kwa mwokaji unayemwamini, chukua. La sivyo, unga wa atta uliomo nyumbani kwa ajili ya chapati unatosha. Changanya gramu 130 za atta, gramu 70 za unga mweupe, kijiko kimoja cha chai cha hamira ya papo kwa papo, nusu kijiko cha sukari, theluthi ya kijiko cha chumvi, kijiko kimoja cha meza cha mafuta na mililita 140 za maji ya uvuguvugu. Atta hunywa maji polepole, kwa hiyo donge liache dakika 10 kwanza, ndipo ulikande dakika 8. Litanata mwanzoni. Usiongeze unga, mkate mgumu wa atta karibu kila mara ni mkate ulioongezwa unga wakati wa kukanda.

Kwa hali ya hewa ya Mombasa, unga huumuka ndani ya dakika 40 hadi 45. Vitabu vingi husema saa moja na nusu, na hapa ukingoja hivyo utachacha na mkate utabonyea. Gawa madonge 4, yaache tena dakika 20, uoke kwa nyuzi 200 dakika 15 hadi 18. Huna oveni? Pika kama mkate wa kumimina: sufuria nzito, mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko.

Sosi na mboga

Badala ya mayonezi, chuja gramu 150 za mtindi usio na sukari kwenye kitambaa safi, saa 2 ndani ya friji. Loweka gramu 30 za ukwaju kwenye maji ya moto kidogo, robo saa, ukamue na kuchuja. Changanya mtindi na vijiko viwili vya meza vya ukwaju, punje moja ya thomu na pilipili kiasi chako. Kijiko kizima cha meza cha sosi hii hakifiki kalori 20.

Achari ya dukani ina chumvi nyingi. Kata embe bichi nyembamba na kabichi kidogo, kamulia ndimu, acha dakika 10. Kitunguu cha kachumbari tumezoea kukiosha kwa chumvi ili kupunguza ukali. Maji baridi na ndimu hufanya kazi ileile. Tungule (nyanya) ikate mapande mazito, uitoe mbegu.

Kupika

Tawa la chapati ni bora kuliko frampeni nyepesi, maana chuma kizito hakipotezi joto nyama inapowekwa. Lipashe moto wa wastani dakika 4. Dondoshea tone la maji: likikimbia huku na huku, tawa liko tayari, likitulia na kuchemka polepole, ngoja. Paka kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwa brashi, tawa zima. Toa nyama kwenye friji, pima nusu kijiko cha chai cha chumvi, kisawazishwe, uinyunyize pande zote za baga zote 4, na uziweke hapo hapo motoni. Zikikaa na chumvi, maji yatatoka juu na badala ya kukaangika zitachemka.

Dakika 4 usiguse. Nyama inayong'ang'ania tawa bado haijafanya ganda. Ikishafanya huachia yenyewe. Geuza mara moja kwa mwiko bapa, na usiikandamize. Ule mlio mtamu unaousikia ukibonyeza ni maji ya nyama yanaungulia kwenye chuma, na hayarudi. Upande wa pili pia dakika 4.

Chizi igawe gramu 20 kwa kila baga, yaani 80 kwa zote. Nunua cheda ya kipande, iliyokomaa, uikune kwenye tundu dogo. Chizi kali ya kukunwa hutandaa na kuonjeka zaidi kuliko slesi mbili za chizi laini ya kusindikwa, ambayo kwa kawaida pia ina chumvi zaidi. Dakika moja kabla ya kuepua, iweke juu ya nyama, mwaga kijiko cha maji pembeni ya tawa na ufunike kwa mfuniko wa sufuria. Mvuke huyeyusha chizi bila kuikausha nyama. Ukipita dakika hiyo, chizi hutengana, mafuta yakielea juu na sehemu nyingine ikiwa kamba.

Ndani nyama ifike nyuzi 71. Kipimajoto kidogo cha jikoni ni kifaa cha kununua kweli, kwa sababu rangi hudanganya: nyama ya kusaga inaweza kugeuka kahawia kabla haijawa salama, na yenye biringani ndiyo haisomeki kabisa kwa macho. Ingiza ncha kutoka ubavuni, sio kutoka juu. Kama hunacho, usizidishe unene wa sentimita 1.5, na ukate moja katikati: iwe na moto hadi ndani na maji yake yatoke meupe.

Ukitumia jiko la mkaa, subiri makaa yapate jivu jeupe. Ndimi za moto huunguza nje haraka, na ile sehemu iliyokuwa nyeusi tii ikate uitupe, sio nzuri kwa mwili.

Pumzisha nyama dakika 3 huku ukipasha mkate, upande wa ndani tu, kwenye tawa hilo hilo lililopanguswa. Panga hivi: sosi, kabichi na embe, nyama na chizi yake, tungule, kitunguu, sosi tena kidogo. Kabichi ikiwa chini huzuia maji ya nyama yasiloweshe mkate, na tungule isigusane na mkate popote.

Baga moja ya namna hii ina takribani kalori 520 na chumvi chini ya gramu 2, katika gramu 5 ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizipite kwa siku. Ile yenye shahamu, slesi mbili za chizi ya kusindikwa na mayonezi hupita kalori 900 bila chipsi. Ukitaka kiazi pembeni, kikate vipande, kipake mafuta kijiko kimoja na ukioke. Kinywaji kiwe dafu au maji ya ndimu bila sukari.

Nyama ya ngamia ukiipata inafaa sana, ni kavu kuliko ya ng'ombe, basi zidisha biringani hadi gramu 180. Kuku wa kusaga lazima afike nyuzi 74.

Baga mbichi zinakaa frizani hadi miezi 3. Zitenganishe kwa karatasi, zigande kwanza kwenye sinia, ndipo uzitie mfukoni, na ziyeyushe ndani ya friji usiku kucha, sio juu ya meza. Stima ikikatika na ukazikuta zimelainika lakini bado zina baridi ya friji, zipike siku hiyo hiyo. Zikiwa zimepata joto, zitupe.